Basi Lisilopiga Kelele

Kuna watu ukiwaona tu unajua kazi yao kabla hawajafungua mdomo. Mwashi ana saruji kwenye kucha, fundi cherehani anakupima mabega kwa macho hata mkiwa msibani, na dereva wa basi la safari ndefu, wa yale mabasi ya zamani, ana mguu mmoja mweusi kuliko mwenzake. Usicheke, ni kweli. Injini ya basi la namna ile imekaa mbele, ubavuni mwa dereva, chini ya kifuniko cha bati kilichoshonewa kigodoro, na mguu wa kushoto unachomwa na joto lake mwaka hadi mwaka mpaka ngozi inakubali yaishe. Dereva tunayemzungumzia hapa alikuwa na mguu wa namna hiyo. Watu walimwita Taratibu, kwa sababu ndilo neno alilolisema kuliko salamu, na kwa sababu tangu ashike usukani hakuwahi kulaza basi kwa ubavu, wala kugusa hata ukuta wa choo cha stendi.

Asubuhi moja Taratibu aliingia kwenye yadi ya kampuni yao akakuta magari mawili mageni yamesimamishwa sambamba, na wafanyakazi wote wameyazunguka kama watu waliokuja kumtazama bibi harusi.

La kwanza lilikuwa chesi tupu, mifupa bila nyama. Vyuma viwili virefu vimelala ubavu kwa ubavu, vimeunganishwa kwa vyuma vifupi kama ngazi iliyolazwa chini. Ekseli mbili, matairi sita, na mbele kabisa injini ya dizeli imekaa wazi, na kiti cha dereva kimefungwa karibu yake bila mlango, bila paa, bila kioo. Chesi ya lori hiyo, tusidanganyane. Mabasi yote ya kampuni yalizaliwa hivyohivyo, malori yaliyovishwa nguo za basi. Ndiyo maana ngazi zake ni ndefu, na bibi mwenye magoti mabovu hupanda kwa kusukumwa kutoka nyuma, heshima ikiwekwa kando kidogo.

La pili lilikuwa basi zima, wauzaji wameliazimisha kwa majaribio. Chesi ya hili ilibuniwa iwe ya basi tangu ilipochorwa. Sakafu iko chini, mifuko ya hewa imekaa mahali pa springi, na injini yote imepelekwa nyuma kabisa, chini ya kiti cha mwisho. Taratibu alichungulia pale alipozoea kuona kifuniko cha injini. Hakukuwa na kifuniko. Palikuwa na sakafu tupu, safi, unaweza kukaa ukanyoosha miguu.

"Sasa hapa mtu anaegemea wapi?" aliuliza.

Aliyemjibu ni Bimkubwa, mwenye kampuni, mjane aliyerithi mabasi mawili mabovu na kuyageuza kampuni inayoheshimika. Alimjibu kwa sauti ya juu, ile ambayo kila mtu pale yadi aliitumia akiongea na madereva, maana yadi haikosi injini inayonguruma.

"Taratibu! Mimi najua abiria, sijui vyuma. Nataka kuagiza mabasi mapya, na wajenga bodi wananingoja niwaambie ni chesi ipi. Wauzaji kila mmoja anaimba wimbo wake. Wewe endesha haya wiki hii, la injini ya mbele na la injini ya nyuma. Utakalosema ndilo nitakaloagiza, na la kwanza likitoka ni lako. Umenipata?"

"Nimekupata, Bimkubwa."

"Na huyu binti yako atakuwa nawe. Akishaiva, naye nampa gari."

Binti mwenyewe alikuwa amesimama pembeni, tabasamu limemjaa mpaka masikioni. Nyumbani walimwita Kitinda, kwa kuwa ndiye kitinda mimba, na jina likamfuata mpaka kazini. Alikuwa ametoka kupata leseni ya magari makubwa, wa kwanza katika watoto wa Taratibu kutamani usukani. Kaka zake walikimbilia ofisini kwenye feni. Baba yake alijidai kutojali, lakini stendi nzima ilishajua habari ya ile leseni, na walioisahau alikuwa akiwakumbusha.

Basi wakaanza na basi zima. Viti vilikuwa vimepangwa magunia ya mchanga badala ya abiria, ili chesi ionje uzito. "Abiria wazuri hawa," alisema Fundi Grisi, fundi mkuu wa gereji, mtu mnene aliyepanda nao kusikiliza mitambo. "Hawatapiki, hawaulizi tumefika wapi." Akaenda kukaa kiti cha nyuma kabisa, juu ya injini. Kitinda akakaa naye.

Taratibu akazungusha ufunguo. Akangoja. Hakuna kitu. Akazungusha tena, na gari zima likatoa ukelele wa chuma kusaga chuma.

"Limewaka!" Fundi Grisi alipiga yowe huku akija mbio katikati ya magunia. "Limeshawaka, mzee! Utang'oa meno ya stata!"

Madereva waliobaki yadini walicheka mpaka wakashikana mabega. Dereva mzoefu kama yule kuwasha injini iliyokwisha kuwaka! Taratibu naye alicheka, angefanya nini. Akasema alikuwa anaijaribu stata kama ni ya kweli au ya mchina wa uchochoroni. Akaingiza gia, akatoka.

Njiani mambo yalikuwa yaleyale. Kwenye basi lake la zamani hakuwahi kutazama mshale wa mizunguko ya injini. Alijua tu. Injini ilimwambia, sasa, badilisha, na mkono ukabadilisha wenyewe. Leo alingoja kuambiwa, na hakuambiwa. Kitinda akaja mbele haraka.

"Baba, weka gia ya juu! Huko nyuma linalia kama limeibiwa!"

"Najaribu nguvu zake," Taratibu alisema, akabadilisha.

"Basi zimetosha, Fundi anasali."

Barabara ilikuwa nzuri, gari likaelea. Tuseme haki, lilikuwa gari. Lilipita kwenye tuta bila mtu kujua kama kuna tuta. Mguu wake wa kushoto ulikaa mahali pake kwa baridi, ukashangaa. Taratibu akaanza kulipenda, kwa siri, kama mtu anavyoonja chakula cha jirani. Kisha akatazama kioo cha ndani.

Kule nyuma Kitinda na Fundi Grisi walikuwa wanaongea. Hawakuinamiana wala hawakuweka viganja mdomoni, kama watu wafanyavyo ndani ya basi. Walikuwa wameegemea viti vyao kwa raha, midomo inacheza, Kitinda anacheka kichwa kikienda nyuma. Na hakuna hata neno moja lililomfikia. Akajua wanamsema. Wanamsema kwa ile stata.

"Mnanong'ona nini huko?" aliuliza kwa ukali.

Walishtuka wote wawili. Kitinda akaja tena mbele, akamwinamia.

"Hatunong'oni, baba. Tunaongea kawaida tu. Hata wewe nimekuuliza mara mbili kama utataka tusimame kula, ukanyamaza. Nikajua umezama kwenye gari."

Taratibu alitazama barabara.

"Ndiyo," alisema. "Nimezama kwenye gari."

Lakini akili ilikuwa inafanya kazi, na kadiri ilivyofanya ndivyo alivyozidi kuogopa. Alifunga redio, ambayo hakujua kama inaimba au la. Alipiga honi kidogo, akaisikia kwa mbali, kana kwamba ni ya gari la mtu mwingine. Alipofika mahali pa kusimama alitoa mguu kwenye mafuta akasikiliza injini ikipoa, na alichosikia ni kimya kilekile alichokuwa anakisikia likienda.

Sasa twende nyumbani kwake, maana mambo ya mtu huyajui mpaka umwone kwake. Majirani walishaamini zamani kwamba nyumba ile haina amani. Kutwa mke anapayuka, na mume akirudi safari anajibu kwa kupayuka. Mpangaji mpya wa upande wa pili aliwahi kuja kusuluhisha, masikini, akakuta wanaulizana kama chumvi imekolea.

Jioni ile Taratibu alimkuta mkewe jikoni anakata vitunguu. Akakaa kwenye kigoda, mgongo ukutani.

"Mama watoto, hebu sema kitu. Usipaze sauti. Sema kama unavyosema na jirani yako hapo dirishani."

Mkewe alimtazama. Akaweka kisu chini. Midomo yake ikacheza, na Taratibu alichopata ni kitu kama maji yanayopita kwenye bomba la nyumba ya tatu.

"Umesema nini?"

"Nimesema umechelewa!" Sasa alitumia sauti yake ya siku zote. "Miaka yote hii nangoja uulize."

"Kumbe ulikuwa unajua?"

"Nani asiyejua ya nyumbani kwake? Sikio la kushoto limekufa na la kulia linachechemea. Tangu Kitinda yuko darasa la kwanza napiga kelele humu ndani. Ulidhani nimezaliwa na sauti ya mnadani?"

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia. Hukusikia."

Walitazamana, na kicheko kikawatoka wote wawili, kile cha tumboni, mpaka mkewe akajifuta machozi kwa kiwiko na kusingizia vitunguu. Yeye ndiye aliyenyamaza kwanza. Akavuta kigoda kingine, akakaa upande wa sikio la kulia.

"Na watoto?" Taratibu aliuliza.

"Hawajui. Wamekua wakipiga kelele, wanadhani ndivyo baba anavyosemeshwa. Na huko kazini kwenu nani ataona? Wote mnaongea kama mko kwenye mashine ya kukoboa."

Hapo Taratibu alipata fikira, na fikira yenyewe ilikuja imevaa vizuri, kama mgeni mwenye zawadi. Akaitoa polepole.

"Bimkubwa ataagiza nitakalosema mimi. Nikisema la mbele, hakuna atakayejua. Pale mbele, kwenye ngurumo ile, kiziwi na mwenye masikio ni sawa. Naweza kuendesha miaka mingine mingi. Nikisema la nyuma, siku ya kwanza tu abiria ataniita shusha, nitapitiliza, na itakuwa basi."

"Mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Sifi mimi, ni masikio tu."

"Haya. Dereva ni wewe," mkewe alisema, akarudi kwenye vitunguu vyake.

Taratibu alikasirika, akatoka nje akasimama barazani. Alitaka mkewe ama amkataze ama amruhusu, apate wa kumlaumu. Maana ukweli ni kwamba aliogopa. Aliogopa kama mtoto. Hakujua kufanya kitu kingine duniani. Watu wa umri wake walikuwa na mashamba, walikuwa na maduka, na yeye alikuwa na usukani. Akiwa kwenye kiti kile hata mawaziri walimngoja aondoke ndipo nao waondoke. Akiwa chini, ni mzee mmoja mwenye mguu mweusi.

Kesho yake ilikuwa zamu ya chesi tupu, na alikwenda kazini ameshaamua. Atasema la mbele. Hata Fundi Grisi alimpa sababu bila kuombwa. "Injini ya mbele inakula upepo safi," alisema wakifunga magunia ya mchanga kwenye vyuma, "rejeta inapoa. Ile ya nyuma inakula vumbi la matairi yake mwenyewe. Na likizima porini, hii unaiona yote hapa mbele yako. Ile nyingine mpaka uingie uvunguni kama unatafuta paka." Taratibu aliitikia kwa kichwa. Hakuna neno la uongo humo. Alifurahi sana kwamba hakuna neno la uongo.

Taratibu na Kitinda wakavaa miwani mikubwa ya kuzuia upepo na kujifunga vitambaa, kwa sababu kwenye chesi tupu wadudu wote wa njiani ni abiria. Taratibu aliendesha nusu ya njia. Alipokanyaga mafuta tu, injini ikamsemesha kama zamani, na moyo wake ukatulia. Sasa, badilisha. Mkono ukabadilisha. Lakini jana ilikuwa imeshamharibu. Alijikuta anajichunguza, na akagundua jambo lililomfanya apunguze mwendo. Halikuwa sikio lililokuwa linaambiwa. Ulikuwa mguu. Ulikuwa mkono juu ya kijiti cha gia, na kiuno juu ya kiti. Chuma kilitetemeka, mtetemo ukamfikia, akadhani anasikia. Kwa miaka asiyoweza kuihesabu alikuwa anasikiliza gari kwa makalio.

Alisimamisha akampisha Kitinda. Yeye akakaa nyuma ya kiti, kwenye ubao uliofungwa kwa kamba.

Binti aliendesha vizuri. Baba hakuona pa kumsahihisha, akatafuta, akakosa. Alishika usukani bila kuukaba, akachukua kona mapema, akapunguza mwendo kwa gia kabla ya breki kama alivyofundishwa. Bega lake la kushoto lilikuwa karibu na ile injini kiasi cha mtu kumwegemea mwenzake kwenye benchi. Taratibu aliona joto linavyofanya hewa icheze kati ya chuma na shavu la mwanawe.

Waliposimama na injini kuzimwa, Kitinda aliruka chini, akang'oa miwani, uso umechorwa vumbi.

"BABA! HILI GARI LINA NGUVU!"

Hata Taratibu alimsikia sawasawa. Walikuwa wamesimama hatua moja, kwenye kimya cha shamba, na mtoto anapayuka kama yuko ng'ambo ya mto.

"MASIKIO YANALIA PIII!" Kitinda aliendelea, anacheka, anachokonoa sikio la kushoto kwa kidole na kutikisa kichwa kama aliyetoka kuogelea. "HATA MWENYEWE SIJISIKII! HII INAISHA LINI?"

"Inaisha," Taratibu alisema.

Naam, inaisha. Aliikumbuka vizuri. Ujanani alikuwa anateremka kila safari akichokonoa sikio lilelile, anacheka vilevile, na wenzake wanamwambia ndiyo ukubwa huo. Mlio ukawa unadumu saa moja, kisha jioni nzima, kisha usiku kucha. Halafu siku moja ukaisha. Alimshukuru Mungu siku hiyo, akasema mwili umezoea. Kumbe mlio haukwisha. Aliyekwisha ni msikiaji. Alimtazama mwanawe anavyocheka, akataka kumshika kichwa chake kwa mikono miwili na kuyafunika masikio yake, mtu mzima yule, mwenye leseni. Badala yake akasema watulie kwanza, gari lipoe. Hakula chakula cha mchana.

Siku ya kutoa jibu Bimkubwa alisimama katikati ya yadi na mkoba wake kwapani. Ile chesi tupu ilikuwa imeshaegeshwa. Taratibu alipewa kazi ndogo ya kulirudisha basi zima mahali pake, kinyumenyume, mbele ya watu wote, jambo alilolifanya maisha yake yote huku akila karanga.

Fundi Grisi akasimama nyuma kumwongoza. Kila mtu anajua utaratibu: unapiga bodi kwa kiganja, mara moja njoo, mara mbili simama. Kwenye mabasi ya zamani kipigo kile kilisafiri kwenye chuma mpaka kwenye kiti. Hili lilikuwa limewekewa mipira kila mahali ili abiria wasisumbuliwe, na Fundi mwenyewe, mnene kama tulivyosema, alikuwa amejibana kwenye pembe ambayo kioo hakimfikii. Akapiga mara mbili. Akapiga tena. Akapiga kwa ngumi, akaita. Basi likaendelea kuja, taratibu, kistaarabu kabisa, likalikumbatia pipa la maji ya kuoshea magari, likalibonyeza ukutani mpaka likapasuka.

Taratibu aliona kwanza watu wakikimbia. Akakanyaga breki, akateremka, akakuta bampa limebonyea na maji yanatapakaa yadi nzima. Hakuna aliyeumia. Fundi Grisi alikuwa anahema, mkono juu ya kifua.

Bimkubwa alikuja mpaka karibu, akatazama pipa, akatazama basi. Hakumtazama Taratibu kwa ubaya hata kidogo, na hilo ndilo lililomchoma.

"Jibu nimelipata!" alisema kwa sauti yake ya yadini. "Mtu ambaye hajawahi kugusa ukuta! Kama hili limemshinda Taratibu, hawa vijana wengine si litawamaliza? Gari gani hata mtu akiliita halisikii?"

"Hata mimi nilisema," Fundi Grisi alidakia. "La mbele ndilo gari. Unalijua, linakujua."

Madereva wakaitikia. Kitinda naye alikuja akamshika baba yake mkono, akamwambia kwa nguvu, "Si kosa lako, baba. Ni hili libasi!" Kila mtu pale alikuwa ameshamsamehe na kumpa sababu. Kilichobaki kwake ni kunyamaza tu, akae kwenye usukani wake mpaka azeeke.

Alinyamaza kweli. Kidogo. Maji yalimwingia viatuni. Aliutazama mkono wa mwanawe uliomshika, kisha akautoa polepole.

"Bimkubwa, basi halina kosa."

"Unasemaje?"

"Nasema basi ni zima. Sogea hapa nyuma yangu, tafadhali. Hapohapo. Sasa sema kitu chochote upendacho. Lakini si kwa sauti hiyo. Sema kwa ile ya ofisini, ya kuongea na wageni."

Akawapa mgongo wote, akalielekea basi. Ubavu wake ulikuwa mweupe, umerushiwa maji, na matone yalikuwa yanashuka. Taratibu akangoja. Aliona tone moja linashuka, linakutana na jingine, yanateremka pamoja. Bimkubwa huyo, alifikiri, hata leo anachagua maneno. Ni mtu wa kupima neno kabla ya kulitoa. Akaendelea kungoja kwa subira, kama anayengoja kizuizi kiinuliwe barabarani, mikono mgongoni.

"Sema basi, Bimkubwa," alisema. "Usione haya. Sema lolote."

Akangoja tena. Ndipo akageuka.

Fundi Grisi alikuwa amevua kofia, ameishika kifuani. Madereva walikuwa wanatazama chini kwenye maji. Kitinda alikuwa analia waziwazi, bila kujifuta, mikono imening'inia. Na mdomo wa Bimkubwa ndio kwanza ulikuwa unafunga.

"Umeshasema?" Taratibu aliuliza.

Bimkubwa akaitikia kwa kichwa. Akainua vidole vitatu.

Taratibu alivitazama vile vidole, akaelewa amesemeshwa mara tatu, na kitu alichokuwa anakiogopa wiki nzima kikawa kimeshapita. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo wa basi.

"Basi hiyo ndiyo kazi ya injini ya mbele, Bimkubwa," alisema. "Wewe agiza ya nyuma. Huyu mwanangu bado anasikia."

Akamwekea Kitinda ufunguo kiganjani, akamfunga vidole juu yake. Kisha akakunja suruali, akaenda kuliinua pipa.